Maji Aliyoyamwaga Shemeji

Toronto, Februari 2012

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo tena, ya kwanza ni ya heshima na ya pili ni ya kukuomba unisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunijibu moyoni. Goti lako vipi? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia umeipaka, au umempa jirani kama kawaida yako? Baba mdogo naye, macho yamepata nafuu? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Nuru amerefuka, viatu nilivyomnunulia majira ya baridi yalipoanza sasa anavivaa kwa kulazimisha. Bakari yuko njiani na lori kuelekea Winnipeg, barabara zote barafu, tunamwombea arudi salama.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatusemi, tunapigiana kelele. Nikipiga unaweka spika, nyumba nzima inasikiliza, kila mtu anatoa hukumu yake, mara kadi yangu inakwisha. Jumapili ulisema, "Mshukuru shemeji yako, ameokoa nyumba yako, na mtoto aje huku na mke wa Idrisa mwezi wa sita nimlee mimi." Simu ikakatika hapohapo. Mama, nilikaa chini jikoni na simu mkononi. Sikumbuki kukukasirikia tangu nizaliwe, labda siku ile uliyoninyoa nywele zote kwa ajili ya chawa. Jumapili nilikasirika, na hasira bado ninayo, ndiyo maana unaona mwandiko umelala namna hii. Barua anakuletea mtoto wa Bi Saida anayekuja likizo. Isome peke yako, chumbani.

Shemeji Idrisa amekuambia kuna mwanamke wa Kikalasinga ananilelea mtoto na anamnywesha maji ya uganga. Mimi nitakuambia huyo mwanamke ni nani.

Ni Mama Jasbir, yuleyule ambaye salamu zake nakuandikia kila barua. Ni jirani yangu, mlango wake unatazamana na wangu. Ni mjane, umri wake kama wewe. Amezaliwa Moshi, baba yake alikuwa na kiwanda cha kupasua mbao. Siku ya kwanza tulikutana kwenye lifti, nimembeba Nuru analia, mifuko ya sokoni inanikata vidole, nambembeleza kwa Kiswahili. Nikasikia nyuma yangu, "Lete mimi huyo, wewe mikono imekufa." Niligeuka nikitegemea kumwona mtu wa kwetu. Namwona mama wa Kihindi, mtandio mweupe kichwani, bangili ya chuma mkononi, anacheka.

"Unashangaa nini? Mimi Mchaga kuliko Wachaga."

Tangu siku hiyo ndiye anayenishikia Nuru nikiwa kazini kwenye ile nyumba ya wazee. Kazi yangu unaijua, kugeuza watu vitandani na kuwaogesha, narudi mgongo si wangu. Bakari hayupo wiki nzima. Shemeji ana nyumba Markham yenye vyumba vya kupotea, lakini hajawahi hata siku moja ya theluji kusema, "Zuhura, mlete mtoto." Mama Jasbir ndiye aliyesema. Nyama hampi, anasema hajui ipi ya halali kwetu, "afadhali ale dengu kuliko mimi kukosea dini ya watu." Ramadhani alituletea futari, mihogo ya nazi, na nakuapia ilikuwa tamu kuliko yangu.

Na hicho Kiswahili cha Nuru unachokisifia kwenye simu, akikuamkia na kukuuliza umekula nini, unadhani kakitoa wapi? Mimi nikirudi nimechoka nazungumza naye maneno mawili nalala. Watoto wa Shemeji ukiwaambia karibuni wanamgeukia baba yao awatafsirie. Mjukuu wako wa Kitanga amefundishwa lugha yenu na Kalasinga wa Moshi, na leo huyo ndiye anayeitwa mharibifu.

Sasa habari ya maji.

Kabla baridi haijaanza Mama Jasbir alisafiri kwenda India, mji unaitwa Amritsar. Ni mji mtakatifu wa dini yao. Nikamwambia, "Kwa hiyo unakwenda Hija." Akanisahihisha kwamba kwao si faradhi, hakuna anayelazimishwa, mtu anakwenda kwa kupenda. Alizaliwa Moshi, akaolewa Moshi, akazeekea Toronto, na mji huo alikuwa akiuona kwenye picha tu, ukutani kwa baba yake. Alirudi amekonda na macho yanang'aa. Jioni moja tukiwa tunachambua mchicha kwake nikamwambia anisimulie, na mimi nakusimulia wewe, kwa sababu Shemeji amemwagia matusi kitu ambacho hakukiuliza.

Anasema zamani hapo hapakuwa na mji. Palikuwa na bwawa dogo na miti. Walimu wao wakubwa wa dini wanawaita Guru, na walikuwa kumi, mmoja baada ya mwingine. Wa nne ndiye aliyeanza kulichimba lile bwawa liwe ziwa.

"Na huyo alikuwa yatima," akaniambia. "Utotoni anauza dengu za kuchemsha barabarani, kama wale wa karanga pale stendi Moshi."

Watu wakaja kuchimba, wanajitwika udongo kichwani kwa makapu, mwenye mali na asiye na mali kapu lilelile. Pembeni ya shimo Guru akawaita mafundi na wafanyabiashara waje wajenge, wafumaji, maseremala, wafinyanzi, kila mwenye kazi ya mikono. Mji ukaanzia hapo, kando ya shimo la udongo. Hata jina Amritsar ni la lile ziwa, maana yake ziwa la maji ya uhai.

Guru wa tano, mtoto wa yule, akajenga nyumba ya ibada katikati ya maji. Mama, sisi tumezoea nyumba za ibada kuwekwa juu zionekane. Hii waliiweka chini, unateremka ngazi ndipo uifikie, ili asiingie mtu na kiburi chake. Ikawekwa milango minne, pande zote nne, asipatikane wa kusema upande wangu hauna mlango. Humo ndimo walimokiweka kitabu chao kitakatifu kilipokusanywa. Na wenyewe wanasimulia kwamba jiwe la msingi aliombwa aliweke walii wa Kiislamu kutoka Lahore.

"Mama Jasbir, unanitania."

Akaweka kisu chini. "Mimi nikutanie kwa Amritsar?"

Kuna jiko pale halikosi moto. Anayekuja anakula, haulizwi dini wala kabila, wote wanakaa chini mstari mmoja na chakula ni kimoja. Mama Jasbir siku zake nyingi za huko alikuwa anaosha sahani.

"Umepanda ndege mbili kwenda kuosha vyombo?" nikamcheka.

"Ndiyo ibada yenyewe, wewe mtoto."

Lakini kilichonikaa ni kisa cha binti mmoja. Baba yake alikuwa mkubwa wa watu, akawauliza binti zake, nani anawalisha? Wote wakasema ni wewe baba. Huyu mmoja akasema ni Mungu. Baba akakasirika akamwoza kwa mgonjwa wa ukoma asiyeweza kutembea. Binti akamtia mume wake kwenye kapu, akajitwika, akawa anazunguka naye anaomba chakula. Siku moja akamtua chini ya mti kando ya lile bwawa, lilipokuwa bado bwawa tu, akaenda kutafuta cha kula. Yule mume akaona kunguru wanapiga mbizi weusi wanatoka weupe. Akajiburura mpaka majini, akapona. Mke aliporudi hakumtambua, akamkamata shati anapiga kelele, "Mume wangu umempeleka wapi?" Mti huo wanasema upo mpaka leo.

Mimi nilimkumbuka Bi Hajara, anakimbia Safa na Marwa na mtoto analia kiu mchangani. Sisemi dini ni moja, Mama, sijasoma kiasi hicho. Nasema najua mwanamke aliyebeba mzigo akitafuta maji akoje.

Basi akaniletea chupa ndogo ya maji ya ziwa hilo. Akasema si ya kunywa, na Nuru nisimpe. Niweke tu ndani, kwa kuwa alisimama pale akalitaja jina la Nuru katika dua zake. Ningeikataa? Nikaiweka kabatini. Humo humo ilikuwemo Zamzam ambayo Shemeji alirudi nayo kutoka Makka, mkewe akaigawa kwenye vichupa vya maji ya dukani, kila ndugu akapata chake. Chupa zote mbili za plastiki, ndogo, hazina karatasi. Zamzam kifuniko cha bluu, ya Amritsar kifuniko cheupe. Zamzam niliiweka mbele.

Jumamosi Shemeji akaja. Nuru amejifunga kitambaa kichwani, amewapanga wanasesere wake mstari sakafuni, anawagawia chakula cha kuigiza.

"Anacheza nini huyu?"

"Anagawa chakula, Shemeji. Wiki iliyopita Mama Jasbir alikwenda naye kwao."

"Kwao wapi? Hekaluni?"

"Ndiyo. Wamekula wamerudi. Nilimruhusu mimi."

"Na hicho kitambaa?"

"Kila anayeingia anafunika kichwa. Hata wewe ungefunika."

Nuru naye, maskini, kamwona baba mkubwa kanuna, akataka kumfurahisha. Akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Bibi ametuletea maji kutoka mbali. Yako kabatini."

"Maji gani?"

Kabla sijanyanyuka alishafungua kabati akakamata chupa ya kwanza.

"Shemeji, weka chini. Hiyo siyo..."

"Nyamaza!"

"Nisikilize kidogo tu, hiyo chupa ni ile..."

"Nimesema nyamaza, Zuhura! Ndugu yangu yuko barabarani anahangaika, wewe huku unamfugia ushirikina ndani!"

Akaisogelea sinki. Akasoma audhubillahi kwa sauti, akafungua, akamimina mpaka tone la mwisho, akaikamua ile chupa kama anayekamua nguo, akafungulia bomba liondoe mabaki. Kifuniko cha bluu kilikuwa mkononi mwake.

Umeelewa, Mama? Alimwaga Zamzam. Aliyoibeba yeye mwenyewe kutoka Makka kwa mabega yake, aliimwaga kwenye sinki ya vyombo vichafu, na dua juu.

Mimi nikanyamaza kweli. Mara mbili nilifungua mdomo, mara mbili akanifunga. Halafu nikamwona uso ulivyotulia, ameridhika kama mtu aliyemaliza kazi ya Mungu, na Nuru kajificha nyuma ya pazia analia. Akavaa koti akaondoka. Kabla hajafika Markham alishakupigia wewe, na kufika Jumapili Tanga nzima inamsifu. Hakuna hata mmoja wenu, Mama, aliyeniuliza, "Zuhura, wewe unasemaje?" Mimi niliyekuwa nimesimama pale!

Kuta za huku ni nyembamba. Asubuhi Mama Jasbir akagonga, akaniuliza kelele za jana zilikuwa za nini. Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia yote. Nilipofika kwenye kifuniko cha bluu akaziba mdomo kwa mtandio.

"Zamzam? Ile yenyewe ya Makka?"

"Ndiyo."

"Mjinga huyu!" Akacheka, nami nikaanza kucheka, tukashikana mikono kama wasichana. Halafu akaacha ghafla. Akaenda kabatini, akaitazama ile ya kifuniko cheupe, hakuigusa.

"Lakini Zuhura, yeye alitaka kumwaga yangu."

"Mama Jasbir..."

"Ngoja. Mkono ndio ulikosea. Yeye alikusudia yangu. Mimi nimengoja maisha yangu yote kuyaona hayo maji."

Hakulia. Afadhali angelia. Alichomoa ufunguo wa nyumba yangu kwenye kishada chake cha funguo, akauweka mezani. Nikamwuliza nimekosa nini. Akasema sijakosa, ila hawezi kumlea mtoto ambaye ukoo wake unamwona yeye mchawi. Kesho Nuru akipata homa atasemwa yeye.

"Nuru ana bibi yake Tanga," akasema. "Yupo hai?"

"Yupo."

"Bibi yake akiniambia kwa mdomo wake nimlee, nitamlea. Wewe na Bakari ni watoto. Nataka neno la mtu mzima mwenzangu."

Akaenda kwake akafunga mlango. Nuru kila akiamka anakwenda kuugonga ule mlango, namrudisha nambeba anapiga mateke. Kazini nimebadilishana zamu na mwenzangu mpaka amechoka nami. Siku moja nilimpeleka Nuru, nikamkalisha chumba cha kubadilishia nguo na karatasi za kuchora. Msimamizi akaniita pembeni akaniambia nisirudie. Nikiipoteza kazi hii, Mama, hapo ndipo nyumba yangu itakapohitaji kuokolewa.

Jumatatu nikampigia Shemeji, nikamwambia alichomwaga. Akasema ninamtungia uongo kumtetea Kalasinga wangu. Nikamwambia, "Mwulize mkeo vile vichupa alivifunika kwa rangi gani." Simu ikakatwa. Jioni mkewe akanipigia.

"Umemwambia nini Idrisa? Amejifungia, chai hataki, chakula hataki."

"Nimemwambia ukweli. Na umwambie namngoja aje amwombe radhi Mama Jasbir."

"Amwombe radhi ya nini? Si ya kwake yamepona?"

Mama, hapo ndipo nilipochemka. Ya kwake yamepona! Yaani mtu akitupa jiwe kwenye dirisha la jirani, likapita likavunja la kwake mwenyewe, jirani hana la kulalamika? Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, na siyajutii. Ninamhurumia Shemeji kwa Zamzam yake, wallahi ninamhurumia, najua alivyoibeba. Akitaka kulia na aje nilie naye. Lakini kizingiti changu hatakiruka kabla hajagonga mlango wa Mama Jasbir akasema, "Nimekosa." Bakari nimemwambia hivyohivyo. Akasema, "Huyo ni kaka yangu mkubwa, mwache." Nikamwambia, na mlango huu ni wangu mpaka utakaporudi, na ukirudi tutauzungumza.

Sasa narudi kwako, na nasema kwa adabu zote ulizonifundisha. Nuru haji mwezi wa sita. Sikumzaa ili nimpeleke uwanja wa ndege kama kifurushi kwa sababu baba yake mkubwa hakutaka kusikiliza sentensi moja mpaka mwisho. Nakupenda, na najua ungemlea vizuri kuliko mimi. Lakini ana mama, na mama yake hajashindwa. Amechoka tu.

Na wewe ndiye unayenishangaza kuliko wote. Ulipokuwa unakwenda kuuza nguo Korogwe mimi ulikuwa unaniacha kwa nani? Kwa Mama Petro. Ulimwuliza anasali wapi? Krismasi nilikula pilau kwake nikarudi na gauni jipya, ukalikunja ukalitunza nilivae Idi. Hakuna aliyekuja kukuambia umeuza dini ya mtoto. Angekuja, ungemtoa na mwiko. Leo mimi nifanye lilelile, uniambie nimshukuru aliyenitukana jikoni kwangu?

Ninachokuomba ni kimoja. Mpigie Mama Jasbir, namba yake anayo mdogo wangu Asha. Usipitie kwangu wala kwa Bakari. Mpigie kama mama anavyompigia mama, umwambie kwamba Nuru ni mjukuu wako na unamtaka amlee. Ukiona moyo wako umekubali kuongeza neno la pole, ongeza. Ukiona haujakubali, usiseme la uongo, atalijua. Hutahangaika na lugha. Akikutania kwamba Watanga ni wavivu, mtanie Wachaga, hapo mtaelewana.

Nisalimie Baba mdogo. Msalimie Asha, umwambie asome kwa bidii na aache kuning'ong'a kwenye simu, nilimsikia. Shangazi wa vitumbua mwambie huku navipika vinatoka kama mawe. Bi Saida mpe shukrani kwa kunitolea mtoto wake kuwa tarishi. Na Mama Petro, kama bado yupo mtaa ule, mwamkie kwa niaba yangu, umwambie sijasahau lile gauni.

Barua zangu zote za nyuma zilikuja na salamu za Mama Jasbir, hata kama hukuwa unazijibu. Leo nilikwenda kumgongea nikamwambia namwandikia mama, niandike nini kutoka kwako? Alisimama mlangoni akafikiri. Akasema nisiandike kitu. Yupo nyumbani kila siku, na salamu zake atakupa mwenyewe ukipiga.

Mwanao anayekupenda na aliyekasirika,

Zuhura, mama Nuru